Umeiziba Mdomo, Halafu Unaiuliza

Mshale wa kipanya uliganda katikati ya skrini, juu kidogo ya kitufe cha "Cancel", na skrini ikisema kompyuta bado inapiga simu ya kuingia intaneti. Nilitikisa kipanya. Nikakigeuza, nikatoa kijipira chake, nikakifuta kwa pindo la kanga, nikakirudisha. Wapi. Sebuleni saa ya ukutani iligonga saa tano usiku, nami nahesabu kichwani uniti za simu ambazo baba atazikuta kwenye bili ya mwisho wa mwezi. Mwisho nikanyanyuka, nikachomoa waya wa simu ukutani, maana hicho ndicho kitu pekee nilichojua kukizima.

Hiyo ni 2001, Chang'ombe, Dar es Salaam. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina shughuli, na baba ameleta kompyuta aliyoipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi. Ilikuwa Pentium ya megahezi 100, RAM megabaiti 16, hadi diski ya gigabaiti moja na ushee, skrini imeanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa Kariakoo alituwekea Windows 98, ikakubali kwa shingo upande. Ukiwasha, unaweza kwenda kuinjika maji ya chai ukarudi ukaikuta bado inakoroma.

Mwenye haja ya intaneti hakuwa mimi, alikuwa mama. Kaka alikuwa anasoma Pune, India. Barua ilichukua wiki tatu kwenda na nyingine tatu kurudi, na kupiga simu nje ilikuwa ni kujitafutia ugomvi na baba. Pale mtaani palikuwa na mgahawa wa intaneti, shilingi 500 kwa saa, na nilimpeleka mara moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama nyuma, akatazama pembeni, akaniambia tuondoke. "Siwezi kumwambia mwanangu mambo ya nyumbani huku vijana wananipumulia kisogoni," alisema njiani. Basi ikawa kazi yangu kuuleta huo mgahawa chumbani.

Modemu, kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza kupitia waya wa simu, niliipata kwa fundi yule yule, ndani ya mfuko wa rambo, bila boksi wala kitabu cha maelezo. Ilikuwa kadi ya kuchomeka ndani ya mashine, ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, wakati huo madukani zilishajaa za 56. Kitu kimoja tu kilimwokoa mwenye kuitengeneza na laana zangu: nyuma ya kadi walichapa jedwali dogo la vijampa, vile vipande vya plastiki unavyochomeka kwenye pini kuiambia kadi itumie anuani gani. Jedwali hilo lilikaa miezi bila mimi kulitazama. Nilidhani ni pambo.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa modemu wala simu, kilikuwa CD. Windows 98 ilikuwa na kitu kinaitwa Dial-Up Networking, sehemu inayoifundisha kompyuta kupiga simu na kuingia kwenye mtandao, na kwenye mashine yetu fundi hakukiweka. Nikaingia kwenye Control Panel, nikaweka alama ya vema, nikabonyeza OK, nayo ikaniambia niingize CD ya Windows 98. Mashine haina pa kuingizia CD. Fundi alikuja na kisomeo chake cha CD, akaweka Windows, akaondoka nacho.

Kijana wa nyumba ya kona alikuwa na kompyuta yenye kisomeo cha CD. Jumamosi moja tulizivua kava zote mbili, tukachomoa kisomeo chake, tukakiunga kwenye mashine yetu kwa ule utepe mpana wa kijivu. Utepe ulikuwa mfupi, kwa hiyo kisomeo kilikaa nje, juu ya kitabu cha simu cha Dar es Salaam, ambacho siku hiyo kilifanya kazi ya maana kuliko zote nilizowahi kukiona kikifanya. Tulinakili folda nzima ya win98, zaidi ya megabaiti 100, ikaingia kwenye hadi diski. Tangu hapo kila Windows ilipodai CD, na ilidai kama mtoto anavyodai peremende, niliandika C:\WIN98 ikanyamaza. Kama kuna mtu bado ana mashine ya rika hilo ndani na anataka kuihuisha, aanze na hilo kabla hajagusa kingine.

Sasa turudi kwenye mshale ulioganda.

Nilichofanya asubuhi yake ni kwenda Kariakoo kununua kipanya kingine. Nacho kikaganda. Nikarudi kulalamika, nikabadilishiwa, cha tatu kikaganda. Vipanya vyote vitatu vilikuwa vizima kama njugu, na siku nilipokuja kujua hivyo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kwenye kompyuta za aina ile kipanya kilichomekwa kwenye tundu lenye pini tisa, na tundu hilo Windows iliita COM1. Modemu nayo ilijiita COM3. Majina mawili, kwa hiyo mtu anaona ni nyumba mbili. Lakini kila kifaa kinahitaji kengele ya kumwita prosesa, ubongo wa kompyuta, pale kinapokuwa na jambo, na kwenye kompyuta zile kengele zilikuwa chache. COM1 na COM3 waligawana kengele namba 4, COM2 na COM4 wakagawana namba 3. Windows inaiandika IRQ. Maadamu modemu imelala, kipanya kinabonyeza kengele chenyewe na mambo yanakwenda. Modemu ikiamka na kuanza kupiga simu, wawili wanaikimbilia kengele moja, na prosesa anamsikiliza mmoja tu. Ndiyo maana kipanya kilikufa pale tu modemu ilipoamka kupiga simu, na kufufuka iliponyamaza.

Dawa ilikuwa kwenye lile pambo. Niliingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla Windows haijaamka, nikafunga COM2 ya mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ambayo haikuwa na mteja, nikafungua kava kwa bisibisi, nikahamisha vijampa viwili kwa kibanio cha nyusi cha dada, modemu ikawa COM2, kengele namba 3, peke yake. Tangu siku ile mshale haukuganda tena. Kipanya cha akiba tulikuwa nacho kimoja, na hatukukihitaji kamwe.

Lakini bado haikupiga simu.

Hapa lazima nieleze kosa nililolifanya usiku wa kwanza kabisa, maana ndilo lililonigharimu kuliko yote. Modemu ina spika ndogo. Usiku ule ilipoanza kubofya na kuchakacha, baba alitoka chumbani na msuli, akauliza kuna nini kinachinjwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya modemu, kuna kidude cha kusogeza, nikakivuta kushoto mpaka mwisho, ikawa bubu. Nikajiona mstaarabu. Kuanzia hapo kila ilipogoma nilikuwa nasoma maandishi kwenye skrini tu, na maandishi yalikuwa yale yale: kosa namba 680, hakuna mlio wa simu.

Wiki nzima niliipigania 680. Simu yetu ya mezani haikuwa na soketi. Waya wake uliingia moja kwa moja kwenye kisanduku cheusi ukutani, na mimi nilikuwa na waya wa modemu wenye kiplagi kidogo cha plastiki upande mmoja tu. Upande wa pili niliukata, nikamenya, nikakuta nyuzi nne: nyeusi, nyekundu, kijani, njano. Nikaunga nyeusi na njano. Usiniulize kwa nini. Nadhani kwa sababu ndizo zilizokuwa za pembeni na rahisi kushika. Kwenye waya wa namna hiyo simu inapita katikati, kwenye nyekundu na kijani, na hizo mbili za pembeni kwa laini moja hazina kazi. Kwa hiyo 680 ya wiki hiyo ilikuwa ya kweli. Kompyuta haikuwa imeunganishwa na kitu chochote duniani.

Nikabadili nyuzi. Ikasema 680. Hapo ndipo nilipokata tamaa, na hapo ndipo mama alipokwenda, bila kuniuliza, kumwita mzee jirani ambaye alikuwa fundi wa simu kabla ya kustaafu.

Alikuja baada ya swala ya alasiri, na begi la ngozi lililochakaa kwenye kona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Hakuitazama kompyuta hata kidogo. Alichutama ukutani, akafungua kile kisanduku cheusi, akatoa simu yake ya kazi, ile yenye vibanio viwili badala ya plagi, akabana kwenye nyuzi, akasikiliza. Kisha akafuata waya mpaka mwisho wangu niliounga, akabana tena, akasikiliza. Akanipa nisikilize na mimi. Uuuuu, ule mlio wa kawaida wa simu, na nyuma yake mchakacho kama mtu anakaanga dagaa.

"Mlio upo mpaka hapa," akasema. "Mashine yako yenyewe inasema nini?"

"Inasema hakuna mlio."

"Hiyo ni barua yake. Nakuuliza sauti."

"Haina sauti babu, nimeizima. Inapiga kelele usiku."

Akaniangalia vizuri, akamwangalia na mama. "Umeiziba mdomo, halafu unaiuliza."

Tukairudisha sauti. Tukapiga. Spika ikatoa kibofyo, halafu uuuuu, mlio wetu ule ule, wazi kabisa, sekunde kama tano, halafu kibofyo kingine na kimya. Skrini ikaandika 680, hakuna mlio wa simu. Na sisi watatu tumeusikia!

Mzee alifurahi sana, nadhani ndiyo siku aliyonikubali. Mlio inausikia, akasema, ila haiutambui, maana mlio wa simu haufanani dunia nzima. Kadi ile ilitengenezwa ikitegemea mlio wa Marekani, ambao ni noti mbili zimechanganywa, na wa kwetu ulikuwa tofauti. Ni kama mtu aliyefundishwa kwamba mlango ukibishwa utasikia "hodi", akaja mgeni akasema "wenyewe mpo?", naye akaendelea kukaa akisubiri hodi. Kwenye mipangilio ya modemu mna kisanduku kinachosema isubiri mlio kabla ya kupiga. Nikakiondolea alama. Wanaopenda njia ya kiume huandika X3 kwenye amri za ziada, ni jambo lile lile. Tukajaribu tena, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ikibonyeza namba.

Jioni hiyo mzee alikaa kwenye kiti cha mama akanifundisha kusikiliza kama mtu anavyomfundisha mwenzake ngoma. Kwanza mlio wa laini. Usipokuwepo, tatizo liko ukutani, funga kompyuta ushike waya. Kisha namba. Kisha mwito wa upande wa pili. Ukiendelea kuita tu bila kupokelewa, mtoa huduma wa intaneti hana nafasi, jaribu baadaye, usiguse chochote. Kisha inakuja "piiii" moja ndefu, nyembamba, hezi 2,100. Hiyo ni modemu ya upande wa pili ikijitambulisha. Ukiitegea sikio utasikia kama inagutuka kidogo mara kwa mara, karibu kila nusu sekunde. Migutuko hiyo si kasoro, inawaambia mitambo ya njiani izime vile vifaa vya kuondoa mwangwi ambavyo kwa mazungumzo ya watu ni msaada na kwa modemu ni balaa. Halafu zinaanza kujibizana, moja inatoa ya juu, nyingine ya chini, zinaipima laini kuona imebeba kiasi gani. Halafu "shaaaa", kama mvua kwenye bati. Halafu kimya.

Kimya hicho ndicho nilichokuwa sikijui. Nilidhani kimya ni kukatika. Kumbe spika hujizima pale modemu mbili zikishaelewana. Kwa hiyo kosa lolote linalokuja kabla ya kimya ni la waya, laini au modemu; linalokuja baada ya kimya ni la mipangilio, na hapo huna haja tena ya kumsumbua mzee.

Likaja. Kosa 691, jina au neno la siri si sahihi. Mtu mwingine angekasirika, mimi niliruka. Ina maana Chang'ombe imeongea na seva ya mjini na seva imenikataa kwa jina langu! Kadi ya intaneti ya kukwangua niliyonunua ilikuwa na sifuri niliyoisoma kuwa herufi O. Nikasahihisha. Kimya, halafu kosa 720: kompyuta mbili haziwezi kukubaliana lugha ya mtandao. Hilo lilikuwa langu moja kwa moja. Siku za nyuma nilipokuwa nahangaika, nilifuta TCP/IP, ndiyo lugha yenyewe ya intaneti, kwenye mipangilio ya Network nikiamini ni mambo ya ofisini yanayoiongezea mashine uzito, nikaacha mengine mawili ambayo intaneti haina habari nayo. Nikairudisha, kutoka C:\WIN98, mashine ikajizima na kuwaka upya kama ilivyo ada yake. Kwenye kiunganisho chenyewe nikaondoa alama kwenye yale mawili mengine, NetBEUI na IPX, nikaacha TCP/IP peke yake, nikaandika namba mbili za DNS, zile seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nilizopewa na kadi ya kukwangua.

Saa mbili na nusu usiku, kwenye kona ya chini kulia, zilitokea kompyuta mbili ndogo zenye skrini za kijani, alama kwamba tumeunganishwa. Mzee alikuwa ameshakwenda msikitini. Mama ndiye aliyeziona kwanza, akauliza, "Ndio kaka yako huyo?"

Nilipoweka kipanya juu ya zile kompyuta ndogo, ziliandika kwamba nimeunganishwa kwa biti 115,200 kwa sekunde. Kwa modemu ya 33,600! Nilimtambia kijana wa nyumba ya kona siku mbili nzima, ana 56 mimi nina zaidi ya 100. Ilikuwa ni kasi ya kutoka kompyuta kwenda kwenye kadi, sentimita chache za njia, haikuwa kasi ya laini. Nilipoongeza W2 kwenye amri za ziada, kitu ambacho modemu nyingi hukielewa, ikasema ukweli: 19,200. Nikamwita mzee tena. Alipanda kwenye dari na tochi, akakuta kiungio cha waya kimepata kutu ya kijani, akakikata, akamenya upya, akasokota, akafunga utepe. Mchakacho wa dagaa ukaisha. Ikapanda mpaka 28,800, na siku kavu ilifika 31,200. Wakati wa mvua ilishuka tena, kwa hiyo kulikuwa na kiungio kingine huko nje kwenye nguzo, lakini hicho si chetu.

Kwa kasi hiyo unapata kama kilobaiti 3 kwa sekunde, ukibahatika. Megabaiti moja ni karibu dakika sita. Wimbo mmoja wa megabaiti 4 ni zaidi ya dakika ishirini, na ukikatika dakika ya kumi na tisa unaanza mwanzo, isipokuwa una programu ya kuendeleza pale ulipoishia. Juu ya hapo, zama hizo intaneti yetu ilipanda setelaiti, kilomita karibu 36,000 juu na kurudi, kwa hiyo kila ulichobonyeza kilikaa kidogo kabla ya kujibu, hata kama laini ni safi. Kebo ya SEACOM ilikuja kufika pwani yetu 2009. Kwa wakati huo nilizima picha zote kwenye kivinjari na kusoma dunia kwa maandishi tu, na sikumbuki kama nilikosa kitu.

Baba aliweka sheria: baada ya saa tatu usiku, dakika kumi. Dakika kumi ukizipangia zinatosha kabisa. Mama alikaa pembeni yangu kuanzia saa mbili, laini imekatwa, anasema naandika. "Mwambie mjomba wake kaoa tena, lakini usiandike 'tena'." "Mwambie avae sweta." "Futa hapo, atadhani naumwa." Tulikuwa tunapika barua tatu nne kwenye Outlook Express, zinakaa kwenye kisanduku cha kutoka. Saa tatu napiga, nasikiliza hatua zangu zote mpaka kimya, natuma, napokea, nakata. Dakika mbili na nusu. Majibu tunayasoma kwa raha zetu laini imeshakatwa, na mama akitaka anasomewa mara tatu. Dakika saba na nusu zilizobaki zilikuwa zangu, ada ya ukarani.

Maadui walikuwa wawili. Wa kwanza dada, ambaye alikuwa na mtu wake na alikuwa akinyanyua simu ya chumbani kwa wazazi bila kuuliza. Akinyanyua tu, "shaaaa" inamjaa sikioni, anaitupa, nami nimeshakatika. Wa pili ile huduma ya kukujulisha kwamba kuna mtu mwingine anapiga. Kale kamlio kadogo ka adabu kalitosha kuvuruga mazungumzo ya modemu. Huduma tuliiondoa. Dada aliolewa.

Modemu yenyewe ilikufa vuli ya mwaka ule. Nilikuwa nimechomoa kompyuta kwenye umeme kama kila mtu anavyofanya radi zikianza, nikaenda kulala na amani. Waya wa simu sikuuchomoa. Haukunijia hata akilini kwamba radi inaweza kupita huko. Asubuhi chumba kilinuka kama bati lililounguzwa, na kwenye kadi kulikuwa na doa jeusi pembeni ya tundu la simu, limepasuka katikati. Kompyuta ilipona. Simu ya mezani ilipona. Mzee aliishika kadi kwa vidole viwili, akainusa, akanirudishia. "Pole. Nilisahau kukwambia," alisema, na kwa fundi wa umri wake hilo halikuwa jambo dogo.

Tuliyonunua baada ya hapo ilikuwa ya nje, yenye taa mbele, na kwa miaka kadhaa nilikuwa naitwa mtaani kuwaunganishia watu. Nilikuwa nafika, nasalimia, naomba sauti iongezwe mpaka mwisho. Wengi walikuwa wameizima.

Mwaka 2003 mjomba wangu, mwalimu kwenye mji mdogo huko milimani Tanga, alipata kompyuta na akataka naye awe anamwandikia kaka. Usiku mmoja akanipigia kwa simu ya mkononi.

"Mwanangu, nimefuata kila ulichoandika. Inaniambia 678."

"Shikamoo mjomba. Hiyo ni kwamba hakuna anayepokea. Sauti umeizima?"

"Nimeizima, watoto wamelala."

"Iwashe. Halafu weka simu ya mkononi karibu na kompyuta, upige tena."

Nilisikia kibofyo, uuuuu, halafu namba zikibonyezwa, ti-ta-ti, haraka haraka. Na nyuma ya namba, uuuuu bado upo. Namba zikaisha, uuuuu ukaendelea kama vile hakuna aliyesema kitu. Mitambo ya simu ya huko kwao ilikuwa ya zamani, haikuwa na habari na milio ya vitufe. Ilielewa mibofyo tu, kama ile simu ya kuzungusha.

"Mjomba, nenda kwenye Dialing Properties. Chini kuna Tone na Pulse. Weka Pulse."

Alichukua muda, nikamsikia akisoma kila neno kwenye skrini kwa sauti ya darasani. Kisha kibofyo. Uuuuu. Halafu tk-tk-tk-tk, kumi kwa sifuri, na uuuuu ukakatika hapo hapo. Mbili. Mbili tena. Nilihesabu naye namba nzima ya Dar es Salaam, mbofyo kwa mbofyo. Ikaita mara moja, mara mbili, halafu ile piiii nyembamba, ikigutuka, kutoka milimani, ikipita kwenye simu ya mkononi mpaka sikioni kwangu. Zikaanza kujibizana. Mjomba anapiga kelele, "Imeharibika! Imeharibika!" nami napiga kelele, "Usiiguse!" na pale pale shaaaa ilipoanza, salio lake likaisha.

Asubuhi nilikuta barua pepe yake, herufi kubwa tupu: MWANANGU IMEKUBALI. HII SAUTI INAZIMWAJE, SHANGAZI ZAKO WAMEAMKA WOTE.